Biubwa Kanyoa

Nywele zilikuwa zimetapakaa chini ya turubai kama manyoya ya kuku siku ya harusi. Rasta za kahawia, wivingi ikiwa bado na uzi wake, mabutu mawili ya mtu yaliyokatwa na vibanio vyake vyekundu. Upepo ulipovuma zilikimbia kidogo, zikasimama, zikakimbia tena, na wasichana waliopanga foleni wakawa wanarudisha miguu nyuma ili zisiwaguse. Hakuna aliyecheka. Asubuhi ile ile walikuwa wanacheka.

Walikuwa wameingia kambi ya jeshi jana yake, nje kidogo ya mji wa Kibaha, kila mmoja na ndoo yake, shuka zake, na habari yake ya uongo kuhusu nywele. Mmoja alisikia kwamba mistari ya kulala inaruhusiwa. Mwingine dada yake alimaliza mafunzo na afro yake kichwani, ushahidi wa picha upo. Aneth, msichana wa Tukuyu mwenye mdomo usiopumzika, alisuka rasta mpaka kiunoni kwa sababu kuna mtu alimwambia kwamba ukisuka vizuri afande anakuonea huruma.

Sasa Aneth alikuwa ametoka kwenye kiti anajipapasa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Sema neno, Aneth," Biubwa alimnong'oneza.

"Shoga, masikio yangu ni makubwa," Aneth alisema. "Miaka yote hii nilikuwa sijui."

"Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Biubwa Omary, na Biubwa hakusogea. Alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa kwamba kinataka kuanguka.

Koplo Laurensia, msimamizi wa makuruta wa kike, alizima mashine ya kunyolea. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, sauti yake haikuwa kubwa, na ndiyo maana ilitisha.

"Kuruta. Kiti hicho kina miiba?"

"Hapana, afande."

"Basi kaa."

"Afande, naomba kusema. Mimi siwezi kunyolewa. Bibi yangu bado yuko hai."

"Hongera," alisema Koplo. "Wangu pia."

Foleni ikacheka, kicheko cha watu wanaoogopa. Biubwa hakucheka. Alijua maneno yake yamesikika kama utoto, lakini alikuwa hana mengine. Ndivyo ilivyo kwao, Masaki ya Kisarawe. Nasema Masaki yetu, ya mihogo na mikorosho, si ile ya Dar yenye mageti. Katika ukoo ule, mtoto wa kike akipewa jina la bibi yake aliye hai, yeye na bibi ni wajina, na wajina ana kazi moja ambayo haachiwi mtu mwingine. Siku bibi akifa, wajina ndiye wa kwanza kunyolewa, kabla maiti haijatoka ndani. Wengine wote wanamfuata yeye. Mpaka siku hiyo ifike, kichwa chake hakiguswi. Shehe alishawahi kuwaambia kwamba hayo si mambo ya dini, wakamwitikia vizuri, wakamkaribisha chai, na wakaendelea nayo.

Kwa hiyo huko kwao mtu hasemi "Biubwa kanyoa" kwa mzaha. Maneno hayo mawili yana maana moja tu.

Biubwa aliyaeleza yote haya pale pale, kwa haraka, huku mikono bado iko kichwani. Tangu mama yake aolewe tena Ifakara, alisema, Bibi ndiye aliyemlea. Bibi ndiye aliyemsuka kila Ijumaa tangu ana miaka minne, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuingia kwenye nywele zile. Akaomba apewe simu ampigie kwanza.

"Simu zenu ziko stoo, zimefungwa," Koplo alisema. "Sikiliza, mtoto. Umeliona bomba lile? Ni moja, na nyinyi ni kombania nzima. Ukisikia filimbi unatakiwa uwe umeoga, umevaa, umesimama. Ukiwa na nywele utaziosha saa ngapi? Utazikausha wapi? Utakimbia, utatambaa mchangani, utatoka jasho, utavaa kofia juu yake, na wiki haitaisha chawa watakuwa wamepata kambi yao. Mimi niliwahi kuwaachia wenzenu mistari. Nikalala bwenini, hanga zima linajikuna. Siwachukii. Nataka mlale."

"Naelewa, afande."

"Basi ni kiti au geti. Chagua."

Geti lilionekana vizuri kutoka pale. Biubwa aliliangalia. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, akakaa nyumbani akisaidia kupalilia mihogo mpaka wenzake wakamsahau, na nafasi hii ilipotoka Bibi ndiye aliyefurahi kuliko wote. Bibi ndiye aliyeongozana naye kwa mtendaji. Bibi ndiye aliyesema, "Nenda ukalipeleke jina langu jeshini, mimi mwenyewe sikufika." Angerudi kumwambia nini?

Alikaa.

Koplo Laurensia alimfumua ile mistari ya mwisho ya Bibi kwa vidole, taratibu, kuliko alivyofanya kwa wengine. Kisha akainama, akachomeka kitana kidogo cha plastiki kwenye mdomo wa mashine.

"Nakuwekea namba moja," alimwambia sikioni. "Wenzako nimewapiga sifuri. Kwa ajili ya huyo bibi yako. Usimwambie mtu."

Namba moja na sifuri, kwa macho, ni kitu kile kile. Mashine ilipolia Biubwa alifumba macho, na jambo la kwanza alilolihisi halikuwa huzuni. Lilikuwa baridi. Hakuwahi kujua kwamba kichwa kinaweza kusikia baridi Kibaha, jua likiwa utosini.

*

Jumapili ya kwanza ya wageni alikuja Halidi, mtoto wa mjomba wake Mwinjuma. Halidi alipanga chumba mtaa wa Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha, na alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni. Alileta sabuni, dawa ya meno na kashata, akakaa kwenye benchi la wageni akimsubiri binamu yake. Msichana mmoja mwenye kipara akaja, akasimama mbele yake.

"Samahani dada," Halidi alisema, "unaweza kuniitia Biubwa Omary?"

"Halidi, ni mimi."

Kashata zilianguka. Sitanii, zilianguka mchangani, na Halidi hakuziokota.

"Wewe! Nani... Biubwa! Umenyoa!"

"Punguza sauti."

"Umenyoa kipara! Bibi anajua?"

"Sina simu, Halidi. Naomba uende wewe mwenyewe Masaki, ukamweleze taratibu. Mkalishe kwanza. Mwambie ni amri, mwambie sote tumenyolewa. Usipige simu. Umenisikia? Usipige simu."

"Siwezi kupiga simu jambo kama hili. Mimi siyo mtoto."

Halidi alitoka getini, akavuka barabara, na kabla hajapata hata boda akampigia baba yake.

Nimtetee kidogo. Mtu akishtuka, mkono unatafuta simu wenyewe. Alitaka kumwuliza tu mzee wake namna ya kumwambia Bibi. Mwinjuma alikuwa Kisarawe mjini, ndani ya duka lake la vyakula lenye paa la bati, mahali ambapo simu inasikika ukisimama mlangoni na kupotea ukirudi kwenye mizani. Alipokea akiwa kwenye mizani.

"Baba! Baba, Biubwa kanyoa!"

"Nini?"

"Biubwa kanyoa! Nimemwona kwa macho yangu hapa kambini, kanyoa kip..."

Simu ikakatika. Halidi alikuwa ameishiwa salio.

Mwinjuma alibaki na kilo ya sukari mkononi. Biubwa kanyoa. Kwa hiyo mama amekufa. Kwa hiyo habari imefika jeshini kwanza, kwa sababu jeshi siku zote linajua kwanza, na yeye, mtoto wa kiume, ameachwa anapima sukari. Akampigia mama yake. Namba unayoipiga haipatikani. Simu ya Bibi ilikuwa dukani kwa jirani inachajiwa, kama ilivyokuwa kila Jumapili. Lakini nani anakumbuka chaji saa kama hiyo? Wazee wetu wengi huko vijijini wameshauawa na yule dada wa "haipatikani", wakafufuliwa jioni umeme uliporudi.

Mwinjuma hakusubiri jioni. Alilia palepale dukani, mkewe akasikia, majirani wakasikia. Noah ya kukodi ikapatikana, ikajazwa wanawake na mikeka, unga, mchele na sufuria kubwa ya msikitini, wakaondoka kuelekea Masaki.

*

Bibi Biubwa alikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara, anaanua mihogo aliyoianika. Alisikia kilio kikija na gari, sauti ya shangazi huyu, sauti ya wifi yule, akazitambua zote. Ni wetu hawa, alijisemea. Tumefiwa. Akautupa muhogo uliokuwa mkononi, akajifunga khanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia yeye mwenyewe huku anakimbilia barabarani.

"Jamani wanangu! Jamani! Nani? Kafa nani?"

Mlango wa Noah ukafunguka. Mwanamke wa kwanza kushuka alikuwa Shamsia, mke wa Mwinjuma, na kilio chake kilikatika kama kamba. Wa pili alimgonga mgongoni, akachungulia, akarudi ndani ya gari kinyumenyume. Mwinjuma alitoka mlango wa mbele. Akamwona mama yake. Alipiga hatua mbili kurudi nyuma, akaketi kitako juu ya mihogo iliyokuwa imebaki kwenye mkeka.

"Mwinjuma, unakalia chakula," Bibi alisema, machozi bado yanamtiririka. "Inuka uniambie. Kafa nani?"

Mmoja wa wanawake alikuwa anasoma dua kwa kunong'ona, macho ameyatoa.

"Shamsia! Mbona mnaniangalia hivyo? Nimeuliza kafa nani!"

"Wewe, mama," Shamsia alisema.

"Mimi?" Bibi alijishika kifuani. "Nimekufa lini?"

Watu wa Masaki walishaanza kukusanyika, kila anayefika analia, anamwona marehemu amesimama mlangoni kwake, ananyamaza. Sufuria ya msikitini ilikuwa tayari imeshushwa.

Mwinjuma alieleza kutoka chini alikokaa. Halidi kapiga simu. Halidi yuko kambini. Halidi kasema Biubwa kanyoa. Na simu yako, mama, haipatikani.

Jioni Halidi mwenyewe alifika, amechoka na vumbi la boda, akidhani anakwenda kumkalisha Bibi na kumweleza taratibu. Akakuta watu wamejaa uani wanakula ubwabwa, maana mchele ulikuwa umeshaletwa na hakuna aliyeona sababu ya kuurudisha. Alieleza. Amri ya jeshi. Wote wamenyolewa. Hakuna aliyekufa.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa hiyo mimi nimelia kwenye kilio changu mwenyewe," alisema. "Nimewakimbilia barabarani, nimejililia. Na wajina wangu kaninyolea nikiwa naanua mihogo."

"Bibi, ni amri..."

"Sijamaliza. Wajina akishakunyolea, kazi ya lile jina imekwisha. Nenda kamwambie anirudishie jina langu. Atafute la kwake. Nikifa kweli, ataninyolea nani? Ameshalimaliza."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Alipotoka tena alikuwa amejifunga ushungi mpaka kwenye nyusi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona ameufungua.

*

Halidi alirudi Jumapili iliyofuata na ujumbe ule, bila kashata. Aliusema akiangalia viatu vyake.

"Anataka jina lake?" Biubwa aliuliza.

"Ndivyo alivyosema. Anirudishie jina langu."

"Linarudishwaje?"

"Mimi sijui, Biubwa. Samahani. Sijui hata nikuite nani."

Hapo ndipo Biubwa alipopata baridi ya pili. Nywele zitaota, kila mtu alikuwa anamwambia hivyo, hata Koplo. Lakini jina? Alikuwa hajawahi kuwa mtu mwingine. Nyumbani, Bibi alipomwita alikuwa kama anajiita mwenyewe. "Biubwa, umekula? Mimi Biubwa nimekula." Ulikuwa mchezo wao. Nani angekuwa kama si Biubwa?

Kesho yake kwenye paredi ya asubuhi majina yaliitwa.

"Aneth Mwakalinga!"

"Afande!"

"Biubwa Omary!"

Kimya.

"Biubwa Omary!"

Msichana alikuwepo, amesimama wima mbele ya macho ya kila mtu, midomo imebana. Aneth alimpiga kiwiko. "Shoga, unaitwa. Itika!" Hakuitika. Angeitika vipi jina ambalo mwenyewe ameshatuma mtu kuja kulichukua?

Alirukishwa kichura kuzunguka uwanja. Aliruka bila kulalamika. Baada ya hapo Koplo Laurensia alimkuta kwenye kamba za kuanikia nguo, amekaa chini, mkono juu ya kichwa.

"Umekuwa kiziwi, kuruta?"

"Hapana, afande. Jina siyo langu tena."

Akamweleza. Koplo aliyekuwa amezoea kuona wasichana wanalia kwa njaa, kwa malengelenge, kwa wachumba, alisimama akamsikiliza huku kofia yake ameivua. Mwisho alisema kitu ambacho Biubwa hakukitegemea.

"Mtu alililiwa? Mzima?"

"Alililiwa, afande. Na ubwabwa ukaliwa."

"Mungu wangu," alisema Koplo Laurensia.

*

Bibi alikuja mwenyewe. Hakuna aliyemwalika. Jumapili moja gari lilisimama getini, Mwinjuma akashuka, akamfungulia mlango, na Bibi akashuka na bakora yake na ushungi wake mpaka kwenye nyusi.

Wakati huo huo kombania ya wasichana ilikuwa inarudi kutoka mchakamchaka. Walipita mbele ya geti mistari kwa mistari, fulana zimelowa jasho, vichwa vyote vinang'aa kwenye jua, na Aneth ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo:

*Kichana nimekitupa, mafuta nimeachia,*
*Kichwa changu kama chupa, mvua yateleza pia!*

Bibi aliachia bakora. Alikuwa ameambiwa "wote wamenyolewa", lakini kuambiwa na kuona havilingani. Kila alikotazama palikuwa na binti aliyenyolewa. Wembamba, wanene, weusi, maji ya kunde, mabinti wa watu kutoka kila mahali, wamenyolewa kama waliofiwa na mama mmoja.

"Jamani! Jamani!" alisema. "Hawa wote? Kafa mkubwa gani sisi tusiambiwe huko Masaki?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Mwinjuma alisema.

"Na wanaimba!"

Alitafuta wa kwake kwa macho, hakumwona. Mtu aliyemlea, aliyemsuka kila Ijumaa, hakuweza kumchagua katika vichwa vile. Hilo lilimtisha kuliko yote. Hofu ikamtoa jina mdomoni kabla hasira haijalizuia.

"Biubwa! We Biubwa!"

Katika mstari wa tatu kuruta mmoja alijikwaa.

Koplo Laurensia alikuja getini, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyeshika mashine?"

"Ni mimi."

"Basi njoo na wewe. Na huyo mtoto. Mnipeleke mahali pasipo na mwanamume."

Walikwenda nyuma ya hanga la wasichana, kwenye kamba za nguo. Mwinjuma alibaki getini. Biubwa aliletwa, jasho bado linamtiririka, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi hakuitikia. Ile "marahaba" iliyokosekana ilisikika kuliko filimbi.

"Bibi, jina lako nimekutunzia," Biubwa alisema. "Waliniita nalo, sikuitika. Nilipewa adhabu, sikuitika. Lichukue tu. Ila uniambie mimi sasa ni nani."

"Inama."

Aliinama. Bibi alimwekea dole gumba kisogoni, akalisukuma kuja mbele, kinyume na nywele zinavyolala. Akasita. Akarudia upande wa kushoto. Akarudia upande wa kulia, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Hizi zimeota lini?"

"Zinanyolewa kila wiki, Bibi," Koplo alisema. "Jana nimezipitia tena."

"Kwa wembe?"

"Hapana, wembe haturuhusu, unaambukiza magonjwa. Ni mashine."

"Inafika kwenye ngozi?"

Koplo Laurensia alimwangalia Biubwa, akaangalia nguo kwenye kamba. "Ya wenzake inafika. Yake naweka namba moja. Inabakiza kidogo."

"Huyu anabakiziwa kwa nini?"

"Aliniambia wewe uko hai."

Bibi akainua mikono, akaanza kuufungua ushungi, mkunjo kwa mkunjo. Ulipoanguka mabegani Biubwa alipiga ukelele akajiziba mdomo, na hata Koplo alirudi nyuma hatua moja.

Kichwa cha Bibi kilikuwa cheupe. Si cheupe cha mvi, mvi hazikuwepo. Kilikuwa kimenyolewa kwa wembe mpaka kwenye ngozi, kinang'aa, na juu ya sikio palikuwa na alama ndogo ya kujikata.

"Bibi! Nani kakufanya hivi?"

"Nani yupo?" Bibi alisema. "Watu wamekuja na sufuria. Wamelia. Mwinjuma kaanguka kwenye mihogo yangu. Ubwabwa umeliwa. Kilio kizima kimefanyika na hakuna aliyeninyolea, kwa sababu wajina wangu yuko huku anaruka ruka. Ningekaa hivihivi? Nikaingia ndani nikajinyolea mwenyewe. Na leo alfajiri nimerudia."

"Bibi, jamani..."

"Usilie. Lete mkono."

Aliuchukua mkono wa mjukuu wake akauweka juu ya kichwa chake. Biubwa alikuwa hajawahi kukigusa kichwa kile. Miaka yote ni chake kilichoguswa. Kilikuwa laini, cha moto, na chini ya kiganja chake kulikuwa na kitu kinapiga polepole.

"Hiyo ndiyo kunyoa," alisema Bibi. "Sasa shika chako."

Biubwa alishika chake.

"Kikoje?"

"Kinachoma, Bibi."

"Kinachoma kwa sababu nywele zipo. Wewe umepunguzwa. Hujaninyolea." Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo. "Yule Halidi ni bure kabisa. Aliona kwa macho, kwa nini asiguse? Angesema, Biubwa kapunguza. Mimi ningemaliza kuanua mihogo yangu."

Koplo Laurensia aligeuka akaangalia pembeni, mabega yanamtikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa wa jeshi, lakini macho yalikuwa na maji.

"Afande," Bibi alimwita, huku anajifunga ushungi, "endelea na hiyo namba yako moja. Usishuke hapo. Na siku nikifa kweli huyu aje, akute wembe unamsubiri. Utampa ruhusa?"

"Bibi, sitakudanganya. Ruhusa ya msiba wa bibi hawaitoi kirahisi. Siku za wageni ni Jumapili tu."

"Haya," Bibi alisema. "Nitajitahidi nife Jumapili."

Filimbi ikalia. Biubwa aliruka akasimama, mguu kwa mguu, mikono kwenye mapaja, kabla hata hajajua kwamba ameruka. Bibi alishtuka akamshika Koplo mkono. Kisha akamtazama mjukuu wake kuanzia kiatu mpaka utosi.

"Marahaba," alimwambia.

Makuruta walipanga mistari uwanjani, wageni wakaanza kutoka. Bibi alikuwa ameshafika getini, Mwinjuma anamfungulia mlango wa gari, majina yalipoanza kuitwa.

"Aneth Mwakalinga!"

"Afande!"

"Biubwa Omary!"

"Afande!" alijibu kuruta kutoka mstari wa tatu, kwa sauti iliyopaa juu ya mabati.

Na kutoka getini, nyembamba lakini ya wazi, ikaja nyingine:

"Abee!"

Afande aliyekuwa anaita majina aliinua kichwa. "Nani huyo wa pili?"

Koplo Laurensia alikuwa anaangalia mbele, wima kabisa, ameuma midomo.